Tani moja ya molasesi hutoa lita ngapi za spiriti? Somo la hesabu za kemia kwa mwenye mtaji mdogo

Mnunuzi wa kahawa wa Kibosho au Marangu hahitaji kuambiwa kwamba gunia la kahawa mbivu si gunia la kahawa safi. Anajua kwa uzoefu kwamba takribani kilo 6 za kahawa mbivu, zikishamenywa, kuoshwa, kukaushwa na kukobolewa, hubaki kilo 1 tu ya kahawa safi ya kupeleka mnadani. Mtu akimwahidi kilo 3, atacheka na kuendelea na safari yake.

Mfanyabiashara huyo huyo akiletewa mchanganuo wa mradi wa spiriti au wa sabuni, mara nyingi hana kipimo cha kumwezesha kucheka. Anaona tarakimu zimepangwa vizuri, anaona jedwali la faida, anatoa fedha. Miezi michache baadaye anagundua kwamba mapipa aliyoahidiwa hayakujaa, na kwamba yasingeweza kujaa tangu mwanzo.

Somo la wiki hii linahusu kipimo hicho. Wanakemia wanakiita stoikiometria, yaani hesabu ya kujua kiasi cha malighafi kinachoingia katika mmenyuko wa kemikali na kiasi cha bidhaa kinachotoka. Jina ni gumu lakini hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya. Mwenye kikokotoo cha dukani anaiweza.

DAFTARI LISILODANGANYA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kemia nayo ina daftari lake, na kanuni ya kwanza ya daftari hilo ni kwamba uzito wa vilivyoingia ni sawa na uzito wa vilivyotoka. Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye mbali na kemia alikuwa mshirika katika kampuni ya kukusanya kodi za mfalme, aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1789. Mfano alioutumia ulikuwa ni wa sukari kuchachuka kuwa kileo. Alipima kilichoingia, akapima kilichotoka, akalinganisha pande mbili kama mhasibu anavyofunga hesabu za mwaka. Jina la stoikiometria lilianza kutumiwa miaka mitatu baadaye, mwaka 1792, na Mjerumani Jeremias Richter.

Kanuni ya pili ni kwamba vitu humenyuka kwa idadi, si kwa kukadiria. Muuza mayai huhesabu kwa trei na muuza vikombe kwa dazeni. Mwanakemia huhesabu kwa moli. Moli ni kama dazeni, ila idadi ya chembe zilizomo ni kubwa mno, kiasi kwamba hazihesabiwi kwa macho bali kwa mizani. Moli moja ya atomi za hidrojeni ina uzito wa gramu 1, ya kaboni gramu 12 na ya oksijeni gramu 16. Kwa namba hizo tatu tu, hesabu yote ya spiriti inaweza kufanyika.

MOLASESI YA ARUSHA CHINI

Kusini mwa mji wa Moshi, katika tambarare ya Arusha Chini, kuna mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha TPC. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1930 na Wadenmark, baadaye ikawa mali ya serikali, na mwaka 2000 ikabinafsishwa kwa wawekezaji kutoka Mauritius huku serikali ikibaki na hisa. Kiwanda kinapotoa sukari, hubaki uji mzito mweusi ambao hauwezi tena kutoa sukari ya fuwele kwa faida. Huo ndio molasesi. Kwa kawaida kila tani 100 za miwa huacha kati ya tani 3 na 5 za molasesi.

Mfugaji wa ng'ombe wa ndani huko mlimani anaifahamu molasesi kwa kuichanganya na mabua na majani makavu ili ng'ombe avutiwe kula. Mwenye kiwanda anaifahamu kwa sababu nyingine. Ndani yake bado imo sukari nyingi, na sukari hiyo ikitiwa maji na hamira huchachuka ikawa ethanoli, yaani kile kileo kinachokenekwa kuwa spiriti. Spiriti ina soko hospitalini, katika viwanda vya rangi na manukato, na katika vitakasa mikono, ambavyo mahitaji yake yalipanda kwa ghafla duniani kote mwaka 2020.

Kwa hiyo si ajabu mwenye mtaji mdogo kufikishiwa mchanganuo wa namna hii: "Tani moja ya molasesi itatoa lita 400 za spiriti ya asilimia 96. Kwa tani 10 kwa wiki, ni lita 4,000, sawa na mapipa 20 ya lita 200." Swali la kwanza ni kama jambo hilo linawezekana, kabla hata ya kuuliza juu ya bei.

HESABU HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kuandika mmenyuko. Sukari rahisi inapochachuka, molekuli 1 ya sukari hutoa molekuli 2 za ethanoli na molekuli 2 za hewa ukaa:

C6H12O6 → 2 C2H5OH + 2 CO2

Hatua ya pili ni kupata uzito wa kila upande. Sukari ina kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6, yaani 72 + 12 + 96 = 180. Ethanoli ina kaboni 2, hidrojeni 6 na oksijeni 1, yaani 24 + 6 + 16 = 46, na kwa kuwa ziko mbili ni 92. Hewa ukaa ni 12 + 32 = 44, na mbili ni 88. Mizani inakubali, kwani 92 + 88 = 180.

Hatua ya tatu ni kusoma matokeo kibiashara. Katika kila kilo 180 za sukari, ethanoli ni kilo 92 tu, sawa na asilimia 51. Kilo 88 zilizobaki huondoka angani. Mapovu yanayopanda juu ya pipa la mbege ya ndizi na ulezi ni hewa ukaa hiyo hiyo. Karibu nusu ya uzito wa sukari huondoka hivyo, na hakuna fundi wala mtambo unaoweza kuirudisha ikawa kileo.

Hatua ya nne ni kujua sukari iliyomo katika malighafi. Molasesi nzuri ya miwa inaweza kuwa na sukari inayochachuka kama asilimia 48. Tani moja basi ina kilo 480 za sukari. Kilo 480 mara 92, gawanya kwa 180, ni kilo 245 za ethanoli.

Hatua ya tano ni kugeuza kilo kuwa lita. Ethanoli ni nyepesi kuliko maji, na lita moja ina uzito wa kilo 0.789. Kilo 245 gawanya kwa 0.789 ni takribani lita 311 za ethanoli tupu. Kwa spiriti ya asilimia 96, gawanya 311 kwa 0.96, upate lita 324.

Lita 324 ndiyo dari ya tani hiyo ya molasesi. Lita 400 zilizoandikwa katika mchanganuo ziko juu ya dari. Ili kuzipata, tani moja ingepaswa kuwa na kilo 593 za sukari inayochachuka, yaani asilimia 59. Molasesi ya kawaida ya kiwandani haina sukari ya kiasi hicho.

DARI NA SAKAFU

Hata dari yenyewe haifikiwi. Mfaransa Louis Pasteur alionyesha katika karne ya 19 kwamba hata uchachukaji ukienda vizuri, karibu sehemu 5 katika kila 100 za sukari haziwi ethanoli wala hewa ukaa. Hugeuka kuwa gliserini na vitu vingine, na nyingine huliwa na hamira ili ikue. Pipa likiingiwa na vijidudu wa kigeni, sehemu nyingine huwa siki.

Kiwanda chenye usimamizi mzuri hupata kati ya asilimia 85 na 90 ya dari wakati wa kuchachusha. Wakati wa kukeneka, sehemu ndogo tena hupotea. Mfano ukichukuliwa wa asilimia 88 katika kuchachusha na asilimia 97 katika kukeneka, lita 324 huwa lita 276. Anayeanza, mwenye mapipa ya kawaida na asiye na maabara, apange chini ya hapo.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ikihesabiwa kwa mapipa. Kwa tani 10 kwa wiki, mchanganuo uliahidi mapipa 20. Hesabu ya kweli inatoa lita 2,760, ambazo hazijazi hata mapipa 14. Mapipa 6 ya kila wiki hayapo, na huenda mwekezaji amekwisha kopa kwa kuyategemea.

Gharama nayo hupanda. Kwa mfano tu, na si kwa bei ya soko la leo, tani ya molasesi ikiwa imefika kiwandani kwa shilingi 300,000, mchanganuo wa lita 400 unaonyesha malighafi ya shilingi 750 kwa lita. Kwa lita 276 malighafi ni shilingi 1,087 kwa lita. Faida ya shilingi 300 kwa lita iliyopangwa juu ya namba ya kwanza imekwisha kabla ya kununua kuni, umeme, mapipa na kulipa wafanyakazi.

MTEGO WA BRIKSI

Lita 400 zilitoka wapi basi? Mara nyingi si uongo wa makusudi bali ni kipimo kilichosomwa vibaya. Molasesi huuzwa kwa kutajiwa Briksi, na Briksi 80 ni jambo la kawaida. Mwenye haraka husoma Briksi 80 kama asilimia 80 ya sukari. Sivyo. Briksi hupima vitu vyote vilivyoyeyuka, zikiwemo chumvi, madini na vitu vingine visivyochachuka. Akihesabu kwa kilo 800 za sukari atapata dari ya lita 518 za ethanoli tupu. Akikata kidogo ili aonekane mwangalifu, ataandika 400 na kuamini kwamba amekuwa na busara.

Dawa yake ni kudai cheti cha maabara kinachotaja sukari inayochachuka, si Briksi peke yake. Mnunuzi aangalie pia maabara imeiandika sukari kwa namna gani. Sukari ya miwa yenye uzito wa 342 huchukua kwanza maji ya uzito wa 18 ndipo igawanyike kuwa sukari rahisi mbili zenye jumla ya 360. Kwa hiyo kilo 100 za sukari ya miwa huhesabiwa kama kilo 105 za sukari rahisi. Wauzaji wawili wanaweza kutaja namba mbili tofauti kwa molasesi ile ile na wote wakawa wakweli.

Mtego wa pili ni nguvu ya spiriti. Tani ile ile yenye dari ya lita 311 za ethanoli tupu inaweza kutajwa kuwa na dari ya lita 777 endapo spiriti imepunguzwa kwa maji hadi asilimia 40. Lita nyingi zaidi hazina maana ya kileo kingi zaidi. Ahadi yoyote ya lita isiyotaja asilimia haijakamilika.

Mtego wa tatu ni maji katika molasesi yenyewe. Anayenunua kwa mkono wa tatu au wa nne anaweza kuletewa molasesi iliyoongezwa maji njiani. Uzito kwenye mizani ni tani moja, lakini sukari imepungua. Hapa Briksi inafaa, kwani ikishuka sana kuliko ile ya kiwandani, maji yameingia.

MALIGHAFI INAYOISHA KWANZA

Katika spiriti, malighafi ya kuhesabu ni moja, sukari. Katika kazi nyingine zipo mbili au zaidi, na hapo kuna kanuni ya ziada: bidhaa huamuliwa na malighafi inayoisha kwanza. Mpishi mwenye unga wa chapati 50 na mafuta ya chapati 20 atapika 20.

Mfano ulio karibu ni sabuni ya mche. Mafuta humenyuka na kostiki soda, hutoka sabuni na gliserini. Kwa mawese, kilo 100 za mafuta huhitaji takribani kilo 14.1 za kostiki soda tupu. Hutoka kama kilo 103 za sabuni kavu na karibu kilo 11 za gliserini. Hapa pia mizani inakubali, 114 kwa 114.

Mwenye mawese kilo 100 aliyenunua kostiki kilo 10 tu atageuza kama kilo 71 za mafuta. Kilo 29 zitabaki mafuta ndani ya mche, na sabuni italainika na kuchacha. Akiweka kostiki kilo 20, mafuta yataisha kwanza na karibu kilo 6 za kostiki zitabaki ndani ya sabuni. Hizo huunguza mikono ya mteja, na mteja aliyeungua hatarudi. Ndiyo sababu watengenezaji makini hupunguza kostiki kidogo chini ya hesabu, ili kinachobaki kiwe mafuta.

Kila mafuta yana namba yake. Kilo 100 za mafuta ya nazi huhitaji kostiki kama kilo 18.3, kwa hiyo kanuni ya mawese haihamishwi. Aidha, kostiki iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na hewa ukaa, ikapungua nguvu ingawa mizani inasoma uzito ule ule au zaidi.

Mnunuzi wa sabuni kwa jumla naye ana la kujifunza. Mche mpya una maji ya kuyeyushia kostiki, ambayo hukauka taratibu dukani. Anayenunua sabuni mbichi kwa kilo na kuiuza ikiwa kavu kwa kilo amelipia maji.

KINACHOBAKI KINA GHARAMA YAKE

Daftari halijafungwa mpaka kila kilichotoka kiandikwe. Kwa spiriti, tani moja ya molasesi hutoa hadi kilo 235 za hewa ukaa. Viwanda vya soda hununua gesi hiyo, lakini kuikusanya, kuisafisha na kuigandamiza kunahitaji mitambo ambayo mtaji mdogo hauifikii. Mchanganuo unaoihesabu kama mapato bila kutaja mitambo hiyo urudishwe kwa mwandishi wake.

Jambo zito zaidi ni maji machafu meusi yanayobaki baada ya kukeneka, ambayo huwa kati ya lita 10 na 15 kwa kila lita ya spiriti. Kwa lita 2,760 kwa wiki, ni zaidi ya lita 27,000, na yanaweza kupita 41,000. Yakiachwa yaingie mtoni, hula oksijeni ya maji na kuua samaki. Mito ya tambarare ya Moshi huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanaishi kwa uvuvi. Mabwawa ya kuyatibu maji hayo na kibali cha mazingira cha NEMC ni sehemu ya mtaji na viandikwe mwanzoni. Kadhalika, kukeneka pombe kali bila leseni ni kosa la jinai, na leseni hiyo nayo ina gharama na masharti.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Mmenyuko ni upi, na dari yake ni kilo ngapi kwa tani ya malighafi?
2. Malighafi ina kiasi gani cha kitu kinachomenyuka hasa, na ni maabara gani iliyopima?
3. Lita zilizoahidiwa ni za asilimia ngapi?
4. Malighafi ipi itaisha kwanza?
5. Kilichobaki kitapelekwa wapi, na kwa gharama ya nani?

Mchanganuo ukivuka dari, hakuna haja ya kubishana juu ya bei. Ukiwa chini ya dari lakini juu ya asilimia 90 yake, mwenye mradi aonyeshe daftari la uzalishaji wa miezi iliyopita. Ukiwa kati ya asilimia 75 na 85, mazungumzo yanaweza kuanza.

ZOEZI LA WIKI

(a) Molasesi ina sukari inayochachuka asilimia 42. Dari ya tani moja ni lita ngapi za ethanoli tupu?

(b) Mtengeneza sabuni ana mawese kilo 200 na kostiki soda kilo 24. Kipi kitaisha kwanza, na kipi kitabaki?

Majibu: (a) Kilo 420 mara 92, gawanya kwa 180, ni kilo 215, gawanya kwa 0.789, ni takribani lita 272. (b) Mawese kilo 200 yanahitaji kostiki kilo 28.2, kwa hiyo kostiki itaisha kwanza. Itageuza kama kilo 170 za mawese, na kilo 30 zitabaki mafuta. Ama aongeze kostiki, ama apunguze mafuta kabla ya kuwasha moto.